Kwa Jina Lake Mwenyewe

Jumamosi, 8 Novemba 1997. Shinyanga.

Mvua imeanza mapema, tena kwa hasira. Redio inasema ni El-Nino. Jirani yangu anasema ni laana. Mimi ninachojua ni kwamba bati la jikoni linavuja. Mume wangu Bashiri alikuwa akiahidi kila mwaka kwamba atapanda kuliziba, na huu ni mwaka wa pili tangu nimzike, bati liko vilevile na sufuria iko chini yake.

Naandika kwa sababu nyumba haina mtu wa kumwambia habari za mchana. Ukiwa na mume unazitupa tu hewani, hata asiposikiliza.

Kazi ninayo, ya kujitolea, maana yake hakuna anayenilipa na hakuna anayeweza kunifukuza. Athanas, niliyemfundisha Kiswahili kidato cha pili na sasa ni mhadhiri Dar es Salaam, amekusanya watu wa mikoa yote tuandike kamusi elezo ya wanawake waliohudumia afya ya jamii: manesi, wakunga, mabibi afya. Vitabu vilivyopo vimejaa madaktari wanaume na miwani yao. Hii yetu itawekwa kwenye mtandao wa kompyuta, mtu wa popote duniani aisome. Popote isipokuwa huku kwetu, ambako simu yenyewe ni ya kuazima kwa mzee Champaklal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Katika mkutano wa Agosti nilisimama nikatoa hoja moja tu, ikapita kwa makofi. Kila mwanamke aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Si mke wa fulani, si mama fulani. Mwanamume akifanya kazi haandikwi Baba Fulani. Nilisema kwa ukali mpaka Athanas akanitazama kama zamani darasani. Ukali ule nusu yake ulikuwa wangu binafsi. Huku mwanamke akishazaa, jina lake linafungiwa kabatini, anakuwa Mama Fulani mpaka kufa. Na asiyezaa, au aliyezaa bure, anabaki kuwa Mwalimu.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua. Sufuria imejaa mara mbili.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimerudi kutoka Segese na matope mpaka kwenye magoti. Nilikwenda kumtafuta mwanamke aliye kwenye orodha niliyopewa na Athanas, Leokadia Bujiku, nesi mstaafu. Nilizunguka kituo kizima cha biashara nikijitambulisha kwa ualimu wangu na kuuliza. Muuza soda hamjui. Fundi baiskeli hamjui. Mzee mmoja akaniambia kwa upole kwamba labda nimekosea wilaya. Nikachoka, nikasema, huyu ni yule nesi wa kipindupindu, wa wakati wa rashi ya dhahabu.

"Aaa, Mama Theonest," akasema muuza soda. "Si ungesema, Mwalimu. Nyumba ile pale."

Mnaona? Nilitembea mpaka mlangoni nikijipongeza. Mwanamke ameokoa watu, na kijiji chake hakijui hata anaitwa nani.

Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Ni mkubwa kwangu kama miaka kumi hivi, mrefu, mkono mkavu wenye nguvu. "Marahaba. Nawa kwanza, ndiyo tuongee." Kabla hata ya kuniuliza jina. Kisha akaniwekea michembe, vile viazi vitamu vikavu, na chai, akakaa mbele yangu kunitazama ninavyokula. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunitazama nikila.

Habari yake ni hii. Mwaka wa rashi, watu walipomiminika Bugarama kuchimba dhahabu, kipindupindu kiliingia machimboni. Serikali ilileta dawa na matangazo, wachimbaji wakayatumia matangazo kusokotea sigara. Walikuwa hawataki kutoka kwenye maduara yao, hayo mashimo wanayochimba, hata kwa haja, kwa kuogopa kuporwa zamu. Yeye hakwenda kwao. Alikwenda kwa mama ntilie. Akawakusanya wote wanaopikia machimbo, akawaambia maneno mawili: asiyenawa hali. Wakaapa. Mama ntilie yeyote atakayempa sahani mtu mwenye mikono michafu, wenzake hawatamwazima hata kiberiti.

"Alikuwepo mmoja," akanisimulia, "ameokota dhahabu asubuhi, kichwa kimevimba. Akasema yeye hanawishwi na wanawake. Akazunguka mabanda yote na noti mkononi. Mchana kutwa hakupata hata kiporo. Jioni akanawa mpaka kwenye viwiko."

Akacheka bila sauti, mabega yanatikisika tu. Nilimuuliza mwenyewe huyo Theonest yuko wapi siku hizi. Akasema, "Yuko Nyarugusu." Huko nako ni machimboni, nikajua ni mchimbaji kama vijana wote. Nikamwombea heri tukaendelea.

Wakati wa kuaga alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akasema "Urudi, Mwalimu", na nadhani alimaanisha.

Jumanne, 2 Desemba

Barabara ya Kahama imekatika. Champaklal anasema mabati yamepanda bei. Sikumuuliza.

Jumapili, 14 Desemba

Nimemaliza maelezo ya Leokadia Bujiku na ndiyo mazuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Bhumika ameyachapa jana. Huyu Bhumika ni mkwe wa mzee Champaklal. Aliolewa mwaka jana akitokea Morogoro, na kompyuta ya duka anaijua yeye peke yake. Mumewe Chirag yuko Mwanza siku nyingi kuliko nyumbani. Tunakaa stoo, mimi nasoma, yeye anachapa, nyuma yetu mifuko ya saruji.

Aliuliza, "Mwalimu, huyu hana watoto?"

"Anaye, yuko Nyarugusu. Haihusu. Wanaume hatuandiki watoto wao."

Akafurahi. "Hapa mtaani mimi ni mke wa Chirag," akasema. "Hata wanaokuja kununua misumari. Ile kanuni yenu ndiyo iliyonifanya nikubali kuchapa."

Nikamwambia kanuni ni yangu. Nilijisikia vizuri mpaka nilipofika nyumbani na kukuta giza.

Jumatano, 31 Desemba

Ramadhani imeingia. Nimefuturu uji na tende, nikatenga vikombe viwili kwa mazoea. Kimoja nimekirudisha kabatini.

Ijumaa, 9 Januari 1998

Wanasema kipindupindu kimeanza tena machimboni upande wa Segese. Vyoo vimefurika. Mama Theonest ana miaka karibu sabini, na najua hatakaa ndani. Nimeandika Mama Theonest. Naliacha hivyo, hii ni shajara yangu, si kamusi.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Watoto wa jirani wamegonga mlango, "Idi njema, Mwalimu," wakapewa peremende, wakaenda. Nimepika pilau ya mtu mmoja. Pilau ya mtu mmoja haipikiki.

Ijumaa, 13 Februari

Jana nimefanya jambo, sijui nianzeje kulieleza.

Barabara ilifunguliwa juzi, nikachukua karatasi ya Bhumika kumpelekea Mama Theonest aisikie kabla haijakwenda Dar. Sikumkuta nyumbani. Nikamkuta shule ya msingi, ambako madarasa mawili yamekuwa wodi. Nje, chini ya turubai, mama ntilie wanawapikia wagonjwa uji. Wale wale wa zamani, na binti zao. Yeye anaosha ndoo kwa dawa.

"Nawa kwanza," akaniambia. Nikanawa. Nilifurahi kumwona kuliko inavyostahili kwa mtu niliyeonana naye mara moja.

Nikamwambia nimeleta maandishi yake. Wale wanawake wakasema niyasome hapo hapo, wote wasikie. Mimi na sifa zangu, nikasimama juu ya tofali. Nikasoma kwa sauti ya darasani: "Leokadia Bujiku alizaliwa Geita. Leokadia Bujiku alisomea ukunga." Nikaendelea mpaka kwenye kipindupindu. Nilitegemea wacheke kwenye yule mtu wa noti, hawakucheka. Mmoja akauliza, taratibu, kwa heshima, "Mwalimu, huyo ni nesi wa wapi?"

"Si huyu hapa."

Wakamgeukia. Yeye alikuwa ameinamia ndoo. Nilipomaliza akafuta mikono kwenye kanga, akanishika kiwiko, tukaenda nyuma ya darasa.

"Umeandika vizuri," akasema. "Kiswahili kimenyooka. Lakini mwanangu umemtoa."

Nikaanza kumweleza kanuni. Nikaieleza yote, na mwanamume haandikwi Baba Fulani, na kabati, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho kama anavyomsikiliza mgonjwa.

"Theonest yuko Nyarugusu," akasema.

"Uliniambia, mama."

"Yuko chini. Duara lilititia, mvua kama hizi. Walishindwa kuwatoa, wakafukia na watu wakiwa ndani. Mimi nilikuwa Bugarama na watoto wa wenzangu. Nilipofika hawakujua hata pa kunionesha nikapige magoti. Mashimo yote yamefanana."

Nilitazama karatasi mkononi, imeanza kulowa.

"Kaburi sina, Mwalimu. Nina jina. Mtu akinisalimia asubuhi, anamwita. Mtoto akitumwa chumvi kwangu, anamwita. Hapa Segese anaitwa kutwa. Sasa wewe unataka kunipeleka duniani kote peke yangu?"

Nilimwomba radhi. Akasema hapana ugomvi, ila nimwondoe. "Huyo uliyemwandika ni mtu mzuri. Mimi simjui." Akarudi kwenye ndoo zake. Nilipoondoka aliitikia kwaheri yangu vizuri tu, kama anavyomwitikia mgeni yeyote. Hakunisindikiza.

Jumamosi, 14 Februari

Nimempigia Athanas kutoka dukani. "Shikamoo Mwalimu," akasema, na mimi nikamrukia kabla ya marahaba. Nataka kichwa cha maelezo kiwe Mama Theonest.

Simu ikakwaruza. "Mwalimu, kanuni ni wewe uliyeileta."

"Najua nani aliyeileta."

"Tukimwandika yeye hivyo, kesho wa Tabora, kesho kutwa wa Lindi. Tutarudi pale pale. Na mtu akitafuta Leokadia Bujiku hatamkuta."

"Na mtu akifika Segese na huyo Leokadia wako hatamkuta vilevile. Mimi nilimkosa kwa miguu yangu."

Akasema ataliweka mbele ya wenzake. Ni kijana mzuri. Angekuwa mjinga ningejua la kufanya. Bhumika alikuwa pale pale, anahesabu komeo. Hakunitazama.

Ijumaa, 20 Februari

Mvua. Dar kimya.

Jumanne, 3 Machi

Athanas amepiga. Wamepiga kura, kanuni imebaki. Wamekubali kunisaidia kidogo: Leokadia Bujiku, halafu kwenye mabano, Mama Theonest.

Nikamuuliza, huyo kijana ameshafukiwa mara moja, sasa tumtie na kwenye mabano? Athanas akasema, "Mwalimu, tafadhali." Akanieleza kwa utulivu kwamba wako wanawake walioolewa wakiwa wadogo, wakafanya kazi ya miaka arobaini, na hakuna mahali hata pamoja palipoandikwa waliitwa nani na baba zao. Kanuni ni kwa ajili yao. Kweli tupu. Hayo ni maneno yangu ya Agosti, aliyashika vizuri kuliko mimi.

Nilipokata simu Bhumika akasema, bado anatazama komeo, "Mimi naitaka kanuni ibaki."

"Ibaki," nikamwambia.

"Nina ujauzito, Mwalimu. Mtoto akizaliwa jina atachagua mama mkwe, na mimi nitaitwa kwa jina hilo. Bhumika ataisha."

Nilimkumbatia kwa nguvu mpaka komeo zikamwagika. Nikamwambia hataisha, nitamwita Bhumika mpaka nife. Tuliziokota pamoja. Nimewaza njia nzima. Bhumika ana haki. Mama Theonest ana haki. Mimi niliyetunga sheria ya wote sikumuuliza hata mmoja.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeyaondoa maelezo yake. Ningeweza kukubali mabano, Mama Theonest asingejua kamwe. Mtandao haufiki Segese. Usiku mzima nilijua kwamba ningeweza. Asubuhi nikaenda dukani nikamwambia Bhumika afute. Akauliza mara mbili. Kompyuta nayo ikauliza. Kisha mwanamke aliyewanawisha wachimbaji wa Bugarama hayumo tena kwenye kamusi elezo ya dunia, na aliyemtoa ni mimi.

Kabla ya kufuta Bhumika alibadilisha kichwa cha habari, na kila palipoandikwa Leokadia akaweka jina lingine, akachapa nakala moja. Hakuniuliza. Alinikabidhi ndani ya bahasha ya duka, akasema, "Hii si ya kamusi."

Nimempigia Athanas kumwambia. Alisema amesikitika, na nilisikia kwamba kweli amesikitika. Ameniomba niendelee na wale wengine. Nitaendelea.

Jumapili, 22 Machi

Homa. Nimelala siku nzima. Hakuna aliyejua.

Jumapili, 5 Aprili

Naogopa kwenda Segese. Naliandika hapa kwa sababu hakuna atakayenicheka. Mwanamke wa miaka hamsini na saba naogopa kuambiwa karibu kama mgeni.

Jumapili, 26 Aprili

Nilikwenda jana. Kipindupindu kimeisha, madarasa yamerudi kuwa madarasa. Mama Theonest amekonda, shingo imebaki mishipa. Alikuwa kibarazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nawa."

Nikanawa, nikakaa, nikachukua gunzi nikapukuchua. Baada ya muda nikamwambia kwamba nimemwondoa kama alivyotaka, kwamba Dar hawakukubali jina lake, kwamba dunia haitamsoma. Nikajikuta nalia, sijui kwa nini, si mimi niliyefutwa.

"Dunia haijawahi kuja kunawa hapa," akasema. "Usilie juu ya mahindi, yataota."

Nikatoa bahasha. Nikasoma, safari hii nimekaa, kwa sauti ya kawaida. "Mama Theonest alizaliwa Geita. Mama Theonest alisomea ukunga." Alifumba macho. Kila nilipotaja, kidole chake kilikuwa kinagonga kwenye ungo, polepole. Nilipofika kwa yule mtu wa noti akacheka kile kicheko cha mabega. Nilipomaliza akachukua karatasi, akaikunja ndogo, akaitia kwenye pindo la kanga ambapo wengine hutia pesa.

"Wabeja," akasema. Ndiyo ahsante ya Kisukuma.

Halafu, bila kunitazama, "Na wewe Mwalimu, wewe ni mama nani?"

Watu waungwana hawaniulizi. Shinyanga nzima imeacha kuniuliza. Nilitaka kusema si mama wa mtu. Nikasema, "Nilimpata wa kike, mwaka sitini na tisa. Hakufikisha siku arobaini."

"Alikuwa na jina?"

"Baba yake alimpa la bibi yake. Mwamvua."

"Walikuita?"

"Wiki chache. Alipokufa wakaacha, kwa huruma. Siku moja nikajikuta naitwa Mwalimu."

"Huruma," akasema Mama Theonest, kama mtu aliyeonja kitu kilichochacha. Akarudi kwenye mahindi. Hatukusema tena habari hiyo. Tulimaliza debe zima.

Gari la Kahama lilipopiga honi akanisindikiza mpaka barabarani. Nikapanda, nikapata nafasi dirishani. Dereva akaondoa. Ndipo akapaza sauti, sauti ile ya kuita wagonjwa walio foleni, muuza soda akasikia, fundi baiskeli akasikia:

"Safari njema, Mama Mwamvua."

Gari lilikuwa limeshashika mwendo. Sikuitika. Nilipogeuka alikuwa nyuma ya vumbi. Barabara imeanza kukauka.

Jumamosi, 2 Mei

Mvua zimekwisha. Fundi amekuja kuziba bati, ameondoka. Nimeiondoa sufuria chini yake. Jikoni kumekuwa kimya ghafla, nilikuwa nimezoea yale matone.

Bashiri hakuwahi kulitaja tena jina la mtoto, wala mimi, tukidhani tunaoneana huruma. Miaka ishirini na tisa mtoto hakuitwa na mtu, si nyumba hii wala nje yake.

Nilisimama katikati ya jikoni, nikaitika kwa sauti, kama ulivyo wajibu wa mtu aliyeitwa na mkubwa wake:

"Abee."